Mfano Kutoka Nyumbani

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya kinaya, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Ngara huniomba mfano. Huwa nawapa ule wa mvua: mtu ameloa chapachapa, matope mpaka magotini, anaingia ndani anasema, kweli leo tumepata jua zuri. Wanacheka kidogo, wanaandika, tunasonga mbele. Mwaka jana binti mmoja aliinua mkono akasema, mwalimu, huo wa mvua hata kitabuni upo, tupe wa nyumbani kwenu. Nilimkalipia vibaya sana. Nikamwambia akae chini na asinifundishe kazi. Masikini, hakuwa na kosa lolote, na mpaka leo sijamwomba radhi.

Wa nyumbani ninao. Siutoi darasani kwa sababu niliwahi kuutoa mara moja, nikiwa na umri kama wake.

Nilisoma sekondari Biharamulo, shule ya kata isiyo na bweni. Kwetu ni Bisibo, na kutoka pale kwenda shule na kurudi kila siku ni adhabu, kwa hiyo baba alinipangia chumba karibu na shule, vyumba vile ambavyo wanafunzi tunaviita geto. Nilikaa na msichana mwenzangu wa darasa moja, kwao Nyabusozi. Kitanda kimoja, jiko moja la mkaa, ndoo mbili, na unga wa muhogo ambao haukuwahi kufika mwisho wa mwezi. Kwao ni watu wenye asili ya Burundi. Babu yake alivuka na familia zamani, wakapata shamba, wakabaki. Sisi ni Wasubi. Lugha zetu zinasikilizana, ukisema polepole huhitaji mkalimani, na tukitaka kumsengenya mtu mbele yake tulikuwa tunaacha Kiswahili tunahamia huko.

Jina lake la kwenye rejista, kwa lugha zetu zote mbili, maana yake ni jalala. Walimu waliotoka mikoa mingine walilisoma kama jina lingine lolote. Sisi wenyeji tulijua maana na hatukushangaa, kwa sababu majina ya namna hiyo kwetu yapo. Kule Kaniha kuna mzee ambaye jina lake ni kinyesi cha ng'ombe, na ni mzee wa kanisa, na watu humwamkia kwa jina hilohilo kwa heshima zote. Mtu mwenye jina kama hilo humwulizi. Unajua tu kwamba kabla yake kuna watoto walizikwa.

Lakini yeye mwenyewe alinisimulia, bila kuulizwa, Jumamosi moja tukifua sare mtoni. Mama yake alizika wanne mfululizo, hakuna aliyefikisha hata mwaka. Alipozaliwa huyu wa tano, bibi alimchukua siku ileile, akaenda kumlaza nyuma ya nyumba pale panapomwagwa majivu, maganda ya ndizi na samadi. Akamwacha. Jirani akapita kama mtu anayepita njia, akamwokota, akamleta mlangoni akasema ameokota kitu jalalani, kama kuna anayekitaka. Mama akasema yeye hana haja nacho, ila akiache hapo hapo, akampa jirani kikapu cha maharage. Ndipo akamnyonyesha. Yote yalikuwa yamepangwa, na kila mtu pale alijua kwamba kila mtu anajua. Ilikuwa kwa ajili ya kifo, kikija kutafuta mtoto kwenye nyumba ile kisikute mtoto, kikute takataka, kipite.

Jina la kweli lilikuwepo. Mama alilichagua tangu siku ile akalificha, hakumwambia hata mumewe. Alikuwa ameahidi kwamba siku binti atakapomaliza kidato cha nne ataalika watu, atapika pombe ya ndizi, na atalitamka mbele yao. Mpaka hapo, sharti lilikuwa moja: sababu ya lile la jalala haielezwi hadharani. Ukiulizwa, unasema hujui, wazee walichagua tu. Ukieleza, umekiambia kifo kwamba kilidanganywa. Rafiki yangu alilisema hilo huku akicheka, akisugua kola ya shati, akaniambia kwamba yeye haamini sana, ila mama yake anaamini, na kwa mama yake yuko tayari kuitwa jalala mpaka anazeeka. Kisha akaniambia nisimwambie mtu. Nikaapa. Niliapa kwa Mungu, mikono ikiwa na povu la sabuni.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana, ametoka mbali, pengine ile ilikuwa kazi yake ya kwanza. Alitembea na kamusi moja nene aliyoijalidi kwa karatasi ya kalenda ya zamani. Hakuwa mtu mbaya, nataka niliseme hilo mapema. Alikuwa anakipenda Kiingereza kama wengine wanavyopenda mpira. Ukimpa sentensi iliyo sawa kisarufi lakini neno moja halijakaa mahali pake, uso wake ulikunjamana kama aliyetafuna mchanga kwenye ugali. Alikuwa anasema kila jambo duniani lina neno lake moja tu, na kazi ya msomi ni kulitafuta mpaka alipate.

Rafiki yangu alikuwa kipenzi chake. Kila mtihani wa Kiingereza alikuwa wa kwanza, mimi wa pili. Kila mtihani. Tulikuwa tunasomea meza moja na kula sahani moja, lakini matokeo yakibandikwa, yeye juu, mimi chini yake. Watu waliniambia wa pili katika watu themanini si haba. Mimi nilikuwa na wivu, wivu wa kunikosesha usingizi, na nilimpenda, na yote mawili yalikaa ndani yangu bila kugombana.

Ikafika wiki ya kinaya na dokezo. Mwalimu alitufafanulia kwamba kinaya ni kusema kinyume cha unachokusudia huku ukimtegemea msikilizaji akuelewe, na kwamba dokezo ni kugusa tu jambo mnalolijua wote wawili bila kulitaja. Tulikariri tafsiri hizo neno kwa neno kama tunavyokariri kila kitu. Alipotuuliza tutoe mfano, themanini tukamtazama. Alikasirika. Alisema nyumbani kwetu lazima watu wanasema kwa mafumbo, haiwezekani wazee wetu wawe wanaongea kama tangazo la mnada, kwa hiyo Jumatatu kila mmoja alete mfano wa kwao, kwa Kiingereza. Mfano bora utasomwa paredi, na mwenye mfano ataingia kwenye timu ya mdahalo itakayokwenda kushindana na shule nyingine.

Timu ile ilikuwa na nafasi moja iliyobaki. Ya kwanza alikwisha kupewa rafiki yangu.

Nilijua. Nisijifanye sikujua. Jumamosi na Jumapili nzima niligeuzageuza mambo kichwani, nikitafuta mfano mwingine, nikaupata wa mtu anayechelewa shamba wakamwambia leo umewahi, nikauona ni mwepesi, kila mtu ataleta huo. Nikaanza kujiambia kwamba mila ile si yake peke yake, ni ya watu wote, hata bibi yangu anaijua. Nikajiambia sitamtaja. Ulimi hauna mfupa, wahenga walisema, na mimi wangu ulikuwa umeshaanza kujinyoosha tangu Jumamosi.

Jumatatu niliinua mkono wa kwanza. Sikumtaja, kweli. Nilisema tu kwamba kwetu mama aliyefiwa na watoto anaweza kumpa mtoto anayempenda kuliko vyote jina la kitu cha kutupwa, na jina hilo ni kinyume cha moyo wake, na wote wanaolisikia wanajua ni kinyume, isipokuwa kifo. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri mno. Mwalimu alisimama, chaki mkononi. Kisha akasema huo ndio mfano bora aliowahi kuusikia tangu aanze kufundisha, na akauliza jina lenyewe, mfano wa jina moja.

Hapo ningeweza kutaja lolote, hata la mzee wa Kaniha lingetosha. Nikataja la rafiki yangu. Sijui kwa nini, na nimekuwa na miaka mingi ya kujiuliza. Nadhani nilitaka mfano ukamilike.

Darasa zima liligeuka kumtazama. Wengine waliguna, wale wenyeji, kwa sababu walijua mpaka uliokuwa umevukwa. Mwalimu hakuguna. Alimwangalia kwa furaha, kama aliyegundua kwamba siku zote amekuwa akiishi karibu na kitu cha thamani. Akataka sasa tupate neno la Kiingereza lililo sahihi la jina lile. Akaandika moja ubaoni. Akalifuta, akasema hilo ni ndoo ya taka ya mjini. Mvulana mmoja akatoa lingine, mwalimu akasema hapana, hilo ni dampo la manispaa, linachukuliwa na lori. Mwingine akatoa la shimo. Akafungua kamusi. Darasa likachangamka, ikawa mchezo, kila mtu anarusha neno na mwalimu analipima, hili lina harufu mno, hili ni la karatasi tu, hili ni tusi. Sikumbuki tulichukua dakika ngapi. Nakumbuka mimi nilitoa maneno mawili.

Katika yote yale, hakuna neno lililoweza kusema kwamba jalala la nyumbani kwetu si mahali pa uchafu peke yake. Ni pale pale nyuma ya nyumba ambapo mgomba ulio jirani unabeba mkungu mkubwa kuliko yote, na bibi yeyote anajua. Yeye ndiye angeweza kulisema hilo, na kwa Kiingereza kizuri kutuzidi wote. Hakuinua mkono. Alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya daftari, anaangalia ubao ambapo jina lake lilikuwa linaandikwa na kufutwa, linaandikwa na kufutwa.

Mwishowe mwalimu akamwomba asimame, akasema tumpigie makofi ya kilo, yeye na mama yake. Tukapiga. Akasimama, akakaa.

Kuanzia siku ile wavulana wakaanza. Karatasi zilizofinyangwa mezani kwake asubuhi. Maganda ya muwa. Mtu akaandika jina lake kwa chaki kwenye pipa la taka la nje ya ofisi, na mwalimu wa Kiingereza, ambaye kwa mara ya kwanza alielewa kidogo alichokifanya, akawachapa wanne mbele ya shule nzima, jambo ambalo liliwafanya wote waliokuwa hawajasikia wasikie. Mimi nilisomewa paredi. Nilipata nafasi yangu kwenye timu ya mdahalo.

Ijumaa ya wiki ile nilimkuta geto anafunga godoro lake kwa kamba ya katani. Nilimwuliza anakwenda wapi, akasema anarudi kwao, atakuwa anatembea. Nikaanza kulia, nikamwomba msamaha, nikamwambia wale wavulana ni mbwa, watachoka. Akakaza fundo. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilinitisha zaidi.

"Wale walinicheka tu," alisema. "Wewe ulinieleza."

Kutoka kwao mpaka shule ni saa mbili za mguu, na ule ulikuwa msimu wa mvua. Alikuwa anafika ameloa, anakaa na sare mbichi mpaka saa nane, anarudi na mvua nyingine. Mama yake, niliambiwa baadaye, alimwuliza kwa nini ameacha chumba, na binti hakuwa mtu wa kumdanganya mama yake.

Wiki chache baadaye nilikutana na mama yule gulioni. Alikuwa amekaa na ndizi zake juu ya kanga kuukuu. Nilitaka kugeuka, lakini alikuwa ameshaniona. Nikasogea, nikapiga goti, shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Aliniuliza hali ya Bisibo, ya baba, ya mama. Alinichagulia kichana cha ndizi zilizoiva vizuri, akanisukumia mikononi, nilipokataa akaning'ang'aniza. Akasema amesikia ninajua sana Kiingereza siku hizi, kuliko hata binti yake. Nikasema naendelea vizuri, mama, namshukuru Mungu. Nikaondoka nimefurahi. Nilizila zile ndizi njiani nikijiambia kwamba watu wazima bwana, wanajua kusamehe. Mimi, niliyesomewa paredi kwa kuelewa kinaya.

Mwezi uliofuata rafiki yangu hakuja shule siku tatu. Ya nne ikafika habari. Ilianza homa, wakadhani mafua ya kunyeshewa, wakamfunika. Ilipopanda kichwani walitafuta pikipiki, na pikipiki haikupita, mto ulikuwa umejaa. Wakasubiri maji yapungue. Alifia upande wa kwao wa mto, amelala kwenye mapaja ya mama yake, zahanati ikionekana ng'ambo. Malaria, walisema. Malaria huua watu wengi tu huku kwetu, wenye majina mazuri na wenye majina mabaya. Nalijua hilo. Nimelisema mwenyewe mara nyingi, na bado najua kwamba angekuwa geto, kitandani kwangu, chini ya chandarua chetu, zahanati ingekuwa hatua mia moja kutoka mlangoni.

Darasa zima lilikwenda kuzika Nyabusozi. Mwalimu wa Kiingereza alituongoza, amevaa shati jeupe, macho mekundu, analia waziwazi bila kuona haya, na kwa hilo nilimheshimu. Kaburi lilichimbwa kando ya shamba la migomba. Baada ya kufukia, fundi alileta msalaba wa mbao za mkaratusi, bado mbichi, na kopo la rangi nyeusi na brashi ndogo. Akauliza aandike jina gani.

Baba akamtazama mkewe. Kila mtu pale alikuwa anajua kwamba kuna jina lingine, na kwamba anayelijua ni mmoja tu. Sasa lingeweza kutajwa, halina tena cha kuficha. Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, amefungwa kanga kichwani, akina mama wawili wamemshika mabega. Aliinua uso akatafuta katikati ya sare zetu mpaka akanipata. Hakutumia lugha yao. Alisema kwa Kiswahili chake cha gulioni, polepole, ili asikie kila mtu.

"Mpeni huyu binti brashi. Yeye ndiye anayejua kueleza majina."

Nilisikia wenyeji wakivuta pumzi. Fundi, naye alikuwa mwenyeji, aliniletea kopo bila kunitazama usoni. Nikatembea mpaka pale mkekani, nikapiga goti, nikamwuliza, mama, niandike lipi. Nilikuwa namwomba jina. Nilikuwa namwomba mengine pia. Akanitazama kwa upole uleule wa siku ya ndizi.

"Wewe ndiye msomi, mwanangu," alisema. "Sisi tutajua nini."

Lile jina alilolificha alikufa nalo, miaka sita baada ya hapo. Nilikwenda kumzika pia. Nilisimama mbali, na hakuna aliyeniita nisogee.

Lakini siku ile, nikirudi kwenye msalaba na kopo mkononi, mwalimu wangu wa Kiingereza alinisogelea. Aliniwekea mkono begani. Alikuwa ameguswa kweli.

"Umepewa heshima kubwa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mama huyu anakupenda sana."

Nikamjibu ndiyo, mwalimu. Nikachovya brashi, nikapiga magoti kwenye udongo ule mbichi, nikaandika jina la kwenye rejista kwa herufi kubwa, moja baada ya nyingine, bila kukosea hata moja.